Shajara ya pikapu ya Baba: kutafuta umeme unaopotea

Mei 3, Jumamosi

Leo asubuhi imegoma tena. Nimezungusha ufunguo, stata, ile mota inayozungusha injini iwake, ikatoa mlio mmoja wa "tak", taa za dashibodi zikafifia hadi nisizione, basi. Vijana wawili wa nyumba ya jirani wakaja kusukuma bila kuitwa. Wameshazoea. Nami nimeshachoka, ndiyo maana naanza kuandika.

Ni Toyota Hilux ya kabini moja, ya kizazi kilichotengenezwa kati ya 1988 na 1997, injini ya 3L, dizeli ya cc 2,779. Baba aliinunua ikiwa imetumika, akaibebea machungwa ya Muheza na nazi za Pangani mpaka magoti yalipomkatalia kukanyaga klachi. Sasa naendesha mimi, na biashara ya machungwa hapa Tanga mjini nimeirithi pamoja nayo. Injini haina neno, haili oili wala haitoi moshi. Ugonjwa wake wote uko kwenye umeme.

Kwa miaka miwili hii nimenunua betri tatu, altaneta mbili za mtumba (mtambo unaozalisha umeme na kuchaji betri injini ikinguruma) na stata moja. Kila fundi alikuwa na uhakika. Kila kifaa kipya kilinipa amani ya wiki tatu, nne, kisha mambo yaleyale. Zaidi ya kulala kwa betri, kuna fyuzi ya geji inayoungua mara kwa mara, na nyuma kuna kituko: nikikanyaga breki, indiketa zinawaka kwa mbali zenyewe. Nimebadilisha pia waya wa akseleta mara mbili kwa sababu unakuwa mgumu na kugandia, ila huo si umeme, nauandika tu kwa kuwa umo kwenye hesabu ya matumizi.

Dizeli ina tabia ya kukuficha. Gari la petroli altaneta ikifa, plagi zinakosa moto na gari linazima njiani, unajua moja kwa moja. Hii injini yangu ikishawaka, inachohitaji ni umeme kidogo tu wa kushikilia soleneti, vali ya umeme ya kwenye pampu, isikate mafuta. Kwa hiyo unaweza kwenda Muheza na kurudi bila altaneta kuchaji chochote, usijue mpaka utakapozima na kutaka kuwasha tena.

Nimejiwekea sharti moja: sinunui kifaa kingine chochote mpaka namba iniambie. Jioni nimenunua mita ya kupimia umeme.

Mei 4, Jumapili

Jana, saa moja baada ya kuzima gari nililotoka nalo Muheza, betri ilisoma volti 12.35. Leo alfajiri: 12.08. Betri iliyojaa ikipumzika inatakiwa isome kama 12.6, na ikifika 12.2 iko karibu nusu. Kwa hiyo haijai nikiendesha, na inavuja nikilala. Mambo mawili. Nadhani hapa ndipo mafundi wote walipopotea, na mimi pamoja nao, kwa sababu kila mmoja alitafuta ugonjwa mmoja.

Nimeanza na kuvuja. Nimetoa kichwa cha hasi cha betri, nikaunga mita katikati, waya mmoja kwenye betri na mwingine kwenye kichwa cha waya, mita ikiwa kwenye ampea 10. Milango imefungwa, ufunguo mfukoni. (Ukipima hivi usiguse stata hata kwa bahati mbaya, utaunguza mita.) Ikasoma 0.38. Gari la namna hii, lenye saa na redio tu, linatakiwa kula chini ya 0.05.

Ampea 0.38 inaonekana ndogo, lakini haipumziki. Kwa siku nzima ni ampea-saa 9, na betri yangu ya N70 ina kama 70. Gari likikaa siku nne bila kuwashwa, nusu ya betri imekwenda.

Kisha nikaanza kuchomoa fyuzi moja moja, mdogo wangu akisoma namba. Ya redio na saa: ikashuka hadi 0.36. Nyingine zote, hakuna kilichobadilika. Tumefika ya mwisho, sanduku liko tupu kabisa, na mita bado inasema 0.36. Mdogo wangu akadhani mita ni mbovu. Nami nilidhani hivyo kwa dakika kadhaa. Kisha nikajiuliza ni kitu gani kinakula umeme bila kupita kwenye sanduku hili. Viko viwili vikubwa, stata na altaneta.

Injini ilikuwa haijawashwa tangu jana jioni. Nikashika kichwa cha injini: baridi. Nikashika stata, nayo baridi, ina umande. Nikashika altaneta, na hiyo ilikuwa na uvuguvugu, kama kikombe kilichoachwa mezani baada ya chai kunywewa. Nimeirudia mara tatu kwa mkono wa pili nisije nikajidanganya. Nimefungua waya wake mnene wa nyuma, na mita ikaanguka hadi 0.00.

Mei 6, Jumanne

Altaneta imekwenda kwa mzee mmoja wa Ngamiani anayefanya kazi hii tangu Baba akiwa kijana. Nimempa shikamoo, nikamwekea altaneta mezani, nikamwambia namba zangu. Alizisikiliza zote kabla ya kushika bisibisi, na hilo peke yake lilinipa moyo.

Altaneta ya injini hii imebeba pampu ya vakyumu mgongoni, ile inayosaidia breki, na pampu hiyo inapitisha oili ya injini. Sili ya katikati ikichoka, oili inaingia ndani ya altaneta. Yangu ilikuwa imelowa. Kaboni, vile vijiti vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zilikuwa na tope jeusi la oili na vumbi la kaboni yenyewe, na kwenye sahani ya daiodi mbili zilikuwa zinapitisha umeme pande zote. Daiodi kazi yake ni kuwa kama mlango wa upande mmoja: umeme utoke kwenda kwenye betri, usirudi. Zangu zilikuwa zimebaki wazi kidogo, na usiku kucha betri inajimwagia humo.

Mzee akauliza, "Mwanangu, kuna mtu alichomoa kichwa cha betri gari likinguruma?"

Nikamwambia ndiyo, fundi mmoja mwaka jana alifanya hivyo ili anionyeshe kwamba altaneta inafanya kazi.

"Basi hicho nacho kinaua. Usimruhusu mtu tena."

Nimeuliza sababu, akanieleza vizuri. Altaneta ikiwa inasukuma umeme mwingi, betri ndiyo inayotuliza ule msukumo. Ukiichomoa ghafla, umeme unakosa pa kwenda, volti zinaruka juu sana kwa kitambo kidogo, na vinavyoumia ni daiodi na regyuleta, kile kinachodhibiti volti. Gari halizimi, fundi anatabasamu, wewe unalipa, na baada ya wiki kadhaa unaanza kusukuma. Hili limeniuma sana, kwa sababu nimeona kipimo hicho kikifanywa mbele yangu mara nyingi na watu wenye nia njema.

Amebadilisha sahani ya daiodi, sili na kaboni. Nimelipa kidogo kuliko bei ya altaneta ya mtumba.

Mei 10, Jumamosi

Uvujaji sasa ni 0.02. Upande mmoja umekwisha.

Lakini stata bado nzito asubuhi, hata baada ya kuichaji betri kwa chaja hadi 12.6. Na gari likiwaka, taa zote zikiwa zimewashwa pamoja na feni na wipa, betri inapata 13.3 tu. Mzee aliipima altaneta mezani ikatoa vizuri. Hapa ndipo zamani ningeenda kununua betri ya nne.

Badala yake nimepima kwenye altaneta yenyewe, kutoka nati yake ya nyuma hadi kwenye bodi yake: 14.2. Inatoka 14.2, inafika 13.3. Volti 0.9 zinapotelea njiani.

Njia ni mbili, ya kwenda na ya kurudi. Nimeweka ncha moja ya mita kwenye nati ya altaneta na nyingine kwenye chanya ya betri, injini ikinguruma: 0.18. Siyo mbaya. Kisha ncha moja kwenye bodi ya altaneta na nyingine kwenye hasi ya betri: 0.72. Ukijumlisha unapata 0.90, kamili. Nimekaa chini kwenye kigoda nikaziangalia zile namba mbili. Miaka miwili ya pesa, na jibu lilikuwa linasubiri mtu aweke ncha za mita mahali pasipokuwa na sababu ya kuwa na umeme.

Maana chuma cha injini na hasi ya betri vinatakiwa viwe kitu kimoja. Kati yao mita isome karibu na sifuri. Nikamwambia mdogo wangu awashe stata huku nikipima hapohapo, nimefunga mafuta isiwake. Volti 2.1! Stata inarudisha umeme wake kupitia chuma cha injini, kama 2.1 zinapotea upande wa kurudi, basi katika zile 10 zinazobaki kwenye betri wakati wa kuzungusha, yenyewe inapata saba na kitu. Si ajabu ilikuwa inalia "tak".

Tukabadilishana. Mimi nikazungusha ufunguo, yeye akawa anapapasa nyaya za hasi upande wa injini atafute iliyo ya moto. Mara akapiga kelele.

"Dada, zima! Huu waya wa akseleta unaunguza!"

Sikuelewa. Waya wa akseleta ni kamba ya chuma ndani ya ganda, inatoka kwenye pedali inakwenda kwenye pampu ya dizeli, haihusiani na umeme hata kidogo. Nikaja kuushika. Ulikuwa wa moto kweli, na sehemu inayopita ukutani mwa kabini plastiki yake ilikuwa imelainika na kung'aa, ina mfinyo.

Ikabidi ninyamaze kwanza. Umeme wa stata ni mamia ya ampea na lazima urudi kwenye betri. Ukikosa waya wake, unapita popote palipo na chuma kinachounganisha injini na bodi, na kwenye pikapu hii kimojawapo kilikuwa kamba ya akseleta. Kila asubuhi nilikuwa naipika. Ndiyo maana ilikuwa inakuwa ngumu, ndiyo maana nimeibadilisha mara mbili. Ile gharama niliyoiandika Mei 3 nikasema si umeme, ilikuwa umeme.

Mei 11, Jumapili

Leo nimelala chini ya gari kutwa nzima. Waya wa hasi uliopo ni mfupi, unatoka kwenye betri unaishia kwenye bodi, pembeni ya betri palepale. Upande wa injini, karibu na stata, kuna tundu la bolti lililo wazi, na kulizunguka kuna alama ya duara ya kichwa cha waya uliokuwepo zamani, kutu imejipanga nje ya duara hilo kama fremu. Mtu alibadilisha waya wa betri akaweka mfupi. Kilichobaki cha kuunganisha injini na bodi ni mkanda mwembamba wa kusuka wa nyuma ya injini. Nilipougusa kwa bisibisi ulitoa unga wa kijani, na nyuzi zilizokuwa zimeshika ningeweza kuzihesabu. Hapa Tanga hewa ya bahari haiachi shaba salama.

Nimefanya hivi. Waya wa milimita za mraba 35 kutoka hasi ya betri hadi kwenye lile tundu la bolti. Wa 16 kutoka hasi hadi kwenye bodi, mwingine wa 16 kutoka injini hadi kwenye chesisi. Kila mahali pa kufungia nimekwangua rangi na kutu kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, nikaweka washa yenye meno, nikakaza, ndipo nikapaka grisi juu. Grisi ni ya mwisho, kuzuia chumvi. Ukianza nayo kabla ya kukwangua unafunga uchafu ndani.

Nikapima tena. Wakati wa kuzungusha stata, kati ya injini na hasi: 0.15. Injini ikinguruma na taa zote, betri inapata 13.98. Na stata! Nilikuwa nimesahau sauti yake. Mama alikuwa ndani akauliza nani amekuja na gari.

Mei 17, Jumamosi

Wiki nzima imewaka kwa ufunguo. Leo Muheza, nimepakia machungwa mpaka juu ya mbao, nikaweka rivasi nitoke pale pa kupakilia, geji zote zikalala. Fyuzi ya GAUGE. Katika gari hili fyuzi hiyo inalisha geji na taa za rivasi pamoja. Nimeweka nyingine nikaendelea mbele, ikashika mpaka nyumbani.

Nimerudi kwenye daftari la mauzo la Baba, ambako huwa naandika kila kilichoharibika safarini. Mara zote fyuzi hii ilipoungua nilikuwa nimebeba mzigo. Nyumbani haijawahi kuungua hata mara moja, na nyumbani ndiko mafundi walikokuwa wanaitafuta.

Mei 18, Jumapili

Kwanza, nilipotoa kifuniko cha sanduku la fyuzi nikakigeuza kwenye mwanga, chini ya herufi za kiwandani zilizofutika kuna mwandiko wa Baba kwa kalamu ya wino: "10 TU". Fyuzi niliyoikuta mwenyewe kwenye nafasi ile, na ambayo nimekuwa nikiinunua mfano wake kwa miaka miwili, ni ya 20.

Nimeweka balbu ya wati 21 mahali pa fyuzi, kwa nyaya mbili fupi. Mzee ndiye aliyenifundisha. Umeme unapita ndani ya balbu kwanza. Mambo yakiwa sawa balbu inafifia, shoti ikitokea inawaka kwa nguvu zote, wala hakuna fyuzi inayoungua. Ninaweza kutikisa nyaya kutwa nzima.

Rivasi ikiwa imewekwa, balbu iliwaka kwa wastani, sawasawa na inavyotakiwa. Tulitikisa nyaya kuanzia dashibodi hadi taa za nyuma. Hakuna. Nikawaita wale vijana wa kusukuma pamoja na wenzao, wakapanda saba kwenye bodi ya nyuma. Hakuna. Nikawaambia waruke kwa pamoja. Balbu ikawaka pwaa, ikazima, ikawaka tena kila walipotua.

Juu ya chesisi, karibu na shakeli, kiungo kinachoshikilia springi ya nyuma, klipu ya kushikia nyaya ilikuwa imeondoka, na mtu alifunga kwa kipande cha mpira wa tyubu. Mpira umelegea. Mzigo ukikaa, springi inapanda na nyaya zinabanwa dhidi ya chesisi. Kwenye rangi nyeusi ya chesisi kulikuwa na doa la shaba lenye ukubwa wa kichwa cha pini. Waya wa rivasi ulikuwa umechubuka hapo, na kwa sababu ya ile fyuzi ya 20, ganda lake lilikuwa limekauka na kupasukapasuka na kuanza kuwaambukiza majirani zake. Nimekata kama sentimita 60 za nyaya tatu, nikaweka mpya, nikaunga kwa risasi, nikavisha mpira unaosinyaa kwa moto na bomba la mikunjo juu yake, nikafunga klipu ya chuma.

Fyuzi ya 10 imerudi mahali pake.

Mei 24, Jumamosi

Indiketa za nyuma zinazowaka na breki: waya wa ethi (wa hasi, wa kurudishia umeme) wa taa ya kulia ulikuwa umeoza kwenye skrubu. Balbu ya breki ikikosa pa kurudishia umeme, inautuma kupitia balbu nyingine zilizomo kwenye taa ileile, na hizo zinawaka kwa mbali. Msasa, skrubu mpya, grisi. Dakika ishirini.

Mei 31, Jumamosi

Mvua kubwa tangu Alhamisi. Nimeiacha nje kwa makusudi. Siku tatu bila kuwashwa, betri inasoma 12.58.

Kuna kazi moja nimeiandika kwa ajili ya wiki ijayo. Taa kubwa za mbele zina mwanga wa njano, na nikipima kwenye soketi yake injini ikinguruma napata 11.4. Katika gari hili swichi ya taa inakata upande wa hasi, chanya inafika kwenye balbu moja kwa moja kutoka kwenye fyuzi, kwa hiyo nitapima pande zote mbili kabla sijafungua chochote. Rilei za taa, swichi zinazoendeshwa kwa umeme, nimeshaulizia, lakini sijanunua.

Juni 1, Jumapili

Saa kumi na moja alfajiri, safari ya Muheza. Vijana wa jirani walikuwa wamesimama getini kwenye giza, mikono tayari. Nikazungusha ufunguo, ikawaka kabla hawajafika kwenye bampa. Wakaangaliana.

"Sasa dada, sisi tufanye nini?" akauliza mmoja.

Nikawaambia wapande nyuma, kuna machungwa ya kupakia.